Majivu ya Jiko la Kasyoki

Mulei Munyoki alikuwa hajakanyaga ndani ya jiko la mama yake tangu aanze kazi ya vyoo, na hiyo ni miaka mingi, tusianze kuhesabu. Chakula alikipokea mlangoni. Alisimama pale nje, mikono imesuguliwa kwa sabuni hadi imepauka, na mama yake, Kasyoki, akamnyooshea bakuli kutoka ndani, naye akaenda kukaa kwenye gogo kando ya ukuta. Mwanamume mzima, mwenye mke na binti aliyeolewa Mombasa, anakula nje ya jiko la mama yake kama mtu aliyekuja kuuza mkaa! Ukimuuliza kama inamuuma, anacheka. Ilimuuma, tena sana.

Lakini usimwone Kasyoki mtu mbaya. Lile jiko lake la udongo halikuwa la kupikia ugali tu. Juu ya mafiga, kwenye fito za paa zilizojaa masizi, ndiko zilikoning'inia mbegu zake: vicha vya mahindi vilivyofungwa kwa maganda yao wenyewe, vinapigwa na moshi asubuhi na jioni ili fukusi wasivisogelee. Ni mahindi mafupi, yenye punje nyeupe na chache za zambarau, na usiende kuyatafuta dukani kwa sababu huyapati. Alikuja nayo kutoka Kitui akiwa bibi harusi, amefunga kwenye pembe ya leso, mumewe alipopata kazi kwenye mashamba ya mkonge akamleta huku pande za Voi. Mumewe alikufa, mkonge ukapungua, mahindi yakabaki. Mbegu za pakiti zinataka mvua ya heshima. Hizi za Kasyoki ziliridhika na manyunyu. Watu wote waliopakana naye, njia ya kuelekea Maungu, walijua kwamba nyumba hiyo haijawahi kulala na njaa kabisa, hata miaka ile ng'ombe walipokuwa wakifia barabarani.

Na alikuwa na sharti moja. Mbegu zote hazishuki kwa mara moja. Kicha kimoja lazima kibaki juu, mvua ije isije, watu wale wasile. Sharti hilo alilishika kuliko amri za kanisa, na kanisani alikuwa haendi kwa mchezo.

Sasa mtoto wa mwenye mbegu hizo akaenda kufanya kazi gani? Kushika mpira wa ekzosta! Lile lori la kunyonya vyoo vya lojing'i, vya shule na vya ploti za Voi, kisha linakwenda kumwaga kwenye mabwawa nje ya mji. Dereva anakaa mbele na redio yake. Mshika mpira ndiye anayeinama juu ya shimo. Mji mzima ukamwita Mulei wa Mpira, na watoto wakimwona wanabana pua hata siku ambayo ametoka kuoga na amevaa shati la Jumapili.

"Mbegu inanusa, mwanangu," Kasyoki alimwambia siku ya kwanza, akamzuia pale kizingitini kwa kiganja cha mkono. "Harufu hiyo ikipanda na moshi, itaingia ndani ya punje. Kaa hapo, nitakuletea."

Mulei akakaa hapo. Hakutaka ukubwa wala sifa, hakutaka gari. Alitaka mama yake amwite ndani kabla hajafa, akae pale karibu na moto alipokuwa akikaa utotoni, wale pamoja. Hilo tu! Na mama alikuwa anazeeka, mgongo umepinda, macho yanatoa machozi ya moshi, na mlango ni ule ule.

Halafu wakaja watu wa mradi. Walisimika matangi ya plastiki pale mabwawani, wakaunganisha mabomba, wakachomeka ubao wenye picha ya mikono inayoshikana. Injinia wao aliitwa Derrick, kijana mwembamba wa bara, mwenye adabu, aliyevaa kofia ya njano hata akiwa amekaa kivulini. Alitafuta mtu wa kukoroga tope asiyechagua kazi, akaonyeshwa Mulei.

"Mzee Mulei," Derrick alimwambia, "unajua kwamba watu wa mji huu wanatupa mbolea kila asubuhi? Humu ndani kuna naitrojeni. Ndiyo inayofanya mahindi yawe kijani kibichi. Ile iliyo kwenye gunia la fatalaiza dukani na hii ni kitu kimoja. Sisi tunaitoa tu."

Na kweli waliitoa. Maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye tope yaliingizwa kwenye tangi lililofungwa, chokaa ikamiminwa, pampu ikapuliza upepo ndani. Ule mvuke ukapita kwenye bomba hadi kwenye pipa la asidi, na baada ya muda chini ya pipa zikakaa chembe nyeupe kama chumvi. Kazi ya Mulei ilikuwa upande wa chokaa. Alimwaga, akakoroga, na harufu ikafumuka pale kwenye mfuniko, kali, ya kukata macho, hata yeye aliyezoea kila kitu akageuza uso. Kisha tope likanyamaza, halinuki tena. Na kule mwisho, mbolea safi, nyeupe! Upande wa pipa la asidi haukuwa wake, huko walikuwa vijana wenye glavu ndefu. Kichwani mwake Mulei akajifungia jambo moja: chokaa ndiyo dawa.

Derrick alimpa mkebe mmoja wa ile chumvi. Mulei akapanda mistari michache ya mahindi ya dukani nyuma ya nyumba, akanyunyiza alivyoelekezwa, na yakatoka ya kijani kilichokolea, majani mapana, hata jirani yake Loise akasimama kwenye ua akashangaa. Mulei alimchagulia mama yake muhindi mzuri kuliko yote, akauchoma, akaupeleka mlangoni.

"Umependeza," Kasyoki alisema akiutazama. "Sikatai, umependeza. Lakini nitautafuna vipi na mimi najua ulikotoka?"

Akaurudisha, kwa upole, na upole huo ulimchoma Mulei kuliko kama angetukanwa. Aliula mwenyewe pale kwenye gogo, na mkewe Mutindi akamwona kutoka mbali akajifanya hajaona.

Mradi ni mradi. Siku moja asidi iliisha na nyingine haikuja. Wale vijana wa glavu wakarudi makwao. Derrick akampa Mulei mkono, akapiga naye picha mbele ya matangi, akasema watarudi wakipata wafadhili. Ubao ukabaki na mikono yake inayoshikana. Mulei akarudi kwenye mpira wake wa ekzosta, lakini hakuwa Mulei yule tena, maana alikuwa ameshaona.

Akaanza ya kwake. Pale mabwawani kulikuwa na tope lililokauka nusu ambalo hakuna aliyelitaka. Akalibeba kwa mkokoteni hadi pembeni ya shamba lao, akaomba unga wa mbao kwa maseremala wa Voi, akachanganya ili lisishikane. Loo! Ilinuka hiyo kitu. Upepo ukigeuka, jirani zao walifunga madirisha. Jumapili moja Loise, ambaye alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, alikuja amevaa sare yake, leso puani.

"Baba Cynthia," alianza, kwa maana Cynthia ndiye yule binti wa Mombasa, "sisi tunakuheshimu. Lakini leo asubuhi tulifumba macho tuombe, tukashindwa kujua tufunge macho au tufunge pua. Tafadhali, fanya jambo."

Mulei akacheka, akaomba msamaha, akaketi kufikiri. Chokaa ilikwenda na mradi. Lakini jamani, nani katika nchi hii hajui majivu? Ingia choo chochote cha shimo kutoka hapa hadi Bura, utakuta kopo la majivu kwenye pembe, na ukimaliza unatupia kidogo, harufu inakufa. Nyanya zetu walifanya hivyo. Akajiambia kwamba majivu ni chokaa ya maskini. Na majivu yasiyoisha yako wapi? Yako kwenye jiko la Kasyoki, ambapo moto hauzimwi kwa ajili ya mbegu.

Akaenda mlangoni akaomba. Mama yake akacheka hadi akakohoa.

"Ati majivu? Miaka yote hii unaleta uchafu, leo umekuja kutafuta kitu kisafi!"

Tangu siku hiyo Kasyoki alikuwa na kazi. Asubuhi aliyachota majivu mafigani, akayachekecha ili yasibaki na vipande vya mkaa, akayajaza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufunika, akauweka kizingitini. Mulei akitoka kazini anaukuta. Mkebe ule ulikuwa mazungumzo marefu kuliko waliyowahi kuwa nayo. Ulikuwa unamsubiri yeye.

Alipoyachanganya majivu na lile tope, harufu ilifumuka upya, kali, ya kukata macho, ile ile ya kwenye matangi. Mutindi alitoka nje akikohoa.

"Unapika nini huko, Baba Cynthia? Hata mbuzi wamehama!"

"Uchafu unatoka," Mulei akajibu, machozi yanamtiririka na anatabasamu. "Wacha utoke wote."

Akachukua beleshi akapindua lundo, na kila alipopindua, harufu ikapanda zaidi, naye akafurahi zaidi. Akaongeza majivu, akapindua tena, na kesho yake vivyo hivyo. Maskini, jamani! Alifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo ukiikumbuka unataka kulia. Mwishowe lundo likanyamaza. Likawa kavu, jepesi, rangi ya kijivu, laini kama ugoro. Loise akaitwa, akasogea kwa hofu, akachota, akaleta karibu na pua.

"Haki ya Mungu hainuki!" Akanusa tena. "Hainuki hata kidogo. Mulei, umewezaje?"

"Chukua gunia ukapande."

"Wee! Panda wewe kwanza tukuone," Loise akasema, na wote wakacheka.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya vilima vya Sagalla, Kasyoki mwenyewe alikuja na mkongojo wake. Hakuwahi kufika pembe ile ya shamba tangu tope la kwanza lishuke hapo. Aliinama taratibu, akachota kiganjani, akafikicha kwa vidole, akanusa. Mulei alisimama kando hajui aweke wapi mikono yake.

"Hii ndiyo ile?" mama akauliza.

"Ndiyo ile, mwaitu," akajibu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na mara nyingi alimwita mama tu. Siku hiyo Kikamba kilimtoka chenyewe.

Akanusa tena, safari hii kwa muda mrefu. "Inanuka jiko langu."

"Ni majivu yako."

Kasyoki akakung'uta kiganja, akalitazama lundo. Halafu akasema, "Kesho ukitoka kazini uje. Usisimame nje."

Kesho yake Mulei alioga mtoni, akaoga tena nyumbani, akavaa shati la Jumapili siku ya kazi. Akavuka kile kizingiti. Ndani palikuwa padogo kuliko alivyopakumbuka. Kigoda chake cha utotoni kilikuwa bado kipo. Mama akampakulia isio, mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja, wakala kwenye sahani moja, moshi unawaingia machoni wote wawili, hakuna aliyejua yupi analia na yupi amefukizwa. Alikuwa amepata alichokitaka. Laiti mambo yangeishia hapo!

Walipomaliza, Kasyoki akanyoosha mkongojo juu. Kulikuwa na vicha viwili tu. Mvua zilizopita zilikuwa mbaya, mbegu iliyoshuka ilikuwa nyingi na iliyopanda juu ilikuwa kidogo.

"Panda kwenye kigoda ushushe," akasema.

Mulei akafungua kamba ya kicha cha kwanza.

"Na cha pili."

"Mama, si wewe unasema kimoja kibaki?"

"Nimesema hivyo maisha yangu yote, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumtegemea. Udongo wetu umechoka, Mulei. Nikipanda kidogo navuna kidogo, kila mwaka vicha vinapungua. Sasa wewe umeupatia chakula. Tupande shamba lote, tuvune, nijaze paa hili nikiwa hai nilione. Shusha."

Angekataa! Angesema hapana, mama, sharti ni sharti, tuanze na kimoja. Lakini mwanamume aliyesimama mlangoni miaka yote hiyo, leo ameitwa ndani, amelishwa, ameambiwa kwamba anategemewa, atatoa wapi ulimi wa kukataa? Alikifungua kicha cha pili, akampa mama yake mikononi. Juu ya moto ikabaki kamba tupu.

Mvua ya Novemba ilikuja, na ikaja vizuri, hapo ndipo penye uchungu. Ingekuwa ukame tungesema ni ukame. Mvua ilinyesha kwa mpango, ikapumzika, ikarudi. Walipanda watatu: Mulei anachimba, Mutindi anatia mbolea kiganja kizima kila shimo, Kasyoki anadondosha punje mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Mahindi yakachomoza vizuri. Kasyoki akawa anaamka mapema kwenda kuyasalimia.

Yalipofika magotini yakasimama. Majani ya chini yakaanza kuwa manjano, kuanzia ncha, manjano yakitambaa katikati ya jani kuelekea kwenye shina. Upande wa pili wa ua, mahindi ya Loise, yaliyopandwa kwa mavi ya mbuzi na maombi, yalikuwa ya kijani yanacheza na upepo. Mulei alisimama kati ya mashamba hayo mawili akitazama huku na huku. Akajipa jibu: yana njaa, sikuweka ya kutosha. Akachukua magunia yote yaliyobaki, akayamimina kwenye mistari, akafukia kwa jembe. Na hapo yakazidi kukondeka, kama mtu anayepewa dawa ya mgonjwa mwingine.

"Baba Cynthia, hii mbolea yako ina nini?" Mutindi aliuliza siku moja.

"Mbolea ni nzuri. Wewe uliona ile ya mwanzo."

"Niliona. Lakini ya sasa naona manjano tu."

Kasyoki alipita kati ya mistari, akashika jani moja moja kwa vidole, akaliachia.

Mavuno hayakuwa mavuno. Mihindi ilikuwa midogo kama kidole gumba, yenye punje hapa na pale na mapengo katikati. Kasyoki alikaa kwenye mkeka na uteo wake, akamenya yote kutafuta hata mmoja wa kupandisha juu. Alichagua punje zilizoonekana za maana, akazitia kwenye karai la maji kama alivyofundishwa na mama yake, kwa sababu mbegu nzima huzama. Zote zikaelea. Akazisukuma chini kwa kidole, zikarudi juu. Akaendelea kuzisukuma, Mutindi akashindwa kutazama akaingia ndani.

"Zimezeeka," Kasyoki akasema hatimaye. "Nimezitunza mpaka zikazeeka na mimi sikujua. Wewe umenipa mbolea nzuri, mimi nimekupa mbegu mfu."

Na hivyo ndivyo alivyowaeleza watu. Loise akija kumpa pole, anasikia: mbegu yangu ilizeeka. Mchungaji akija kuomba, anasikia hayo hayo. Bibi yule aliyelisha nyumba kwa mbegu zile tangu ujana, sasa anaziomba radhi na kuzilaumu kwa wakati mmoja.

Halafu Derrick akarudi. Hakuja na wafadhili, alikuja na lori kuchukua matangi, kwa maana yalikuwa yamehamishiwa mradi mwingine huko bara. Mulei alimkuta mabwawani akifungua mabomba, wakasalimiana kama ndugu, na baada ya salamu Mulei akamweleza yote.

"Uliweka asidi gani, mzee?"

"Sikuweka asidi. Niliitoa wapi asidi? Niliweka majivu, badala ya chokaa."

Derrick akaacha spana. Akavua ile kofia yake ya njano, na Mulei akaona kwa mara ya kwanza kwamba kijana ameanza kupata mvi.

"Mzee Mulei, chokaa haikuwa dawa. Kazi yake ilikuwa kuifukuza naitrojeni itoke kwenye lile tope. Ile harufu ya kukata macho ndiyo yenyewe inatoka. Sisi tuliisubiri upande wa pili, ikaingia kwenye asidi ikageuka chumvi. Majivu ni vilevile, yanafukuza. Lakini wewe hukuwa na kitu cha kuipokea."

"Ikaenda wapi?"

"Hewani."

Mulei akatazama juu, na mtu asimcheke kwa hilo. "Na nilivyokuwa napindua..."

"Ndiyo ulikuwa unaisaidia itoke."

"Lakini nilipoongeza shambani, mbona ikawa mbaya zaidi?"

Derrick alisita. Alikuwa kijana mkweli, na ukweli wakati mwingine hauna huruma. "Ni ule unga wa mbao. Ukifukiwa bila naitrojeni yake, vijidudu vinavyouozesha vinachukua ile kidogo iliyo kwenye udongo. Yaani bora ungepanda bila chochote."

Mulei akainama akaokota ile spana, akamrudishia.

"Ulinionyesha nusu, injinia," Mulei akasema.

"Ni kweli. Sikujua kwamba utaendelea peke yako. Nisamehe, mzee wangu." Na alimaanisha. Kisha, kwa kutaka kusaidia, akaongeza, "Hiyo mbegu nitakutumia nyingine. Kuna mpya za pakiti, nzuri sana."

Mulei akamshukuru. Angemweleza nini? Alimsaidia kupakia matangi, akashika mpira wa mwisho ulipokuwa ukikunjwa, akaenda nyumbani kwa miguu akiwa ameamua jambo moja. Atamwambia mama ukweli. Hawezi kumwacha mzee yule afe akidhani kwamba ni mbegu yake.

Alipofika akasimama mlangoni, kwa mazoea.

"Ingia!" Kasyoki akaita kutoka ndani. "Unasimama nje kwa nini? Humu hakuna kitu cha kuharibika tena."

Akaingia. Ndani moto ulikuwa unawaka, mama ameuchochea vizuri, moshi unapanda kama kawaida hadi kwenye zile fito, unaizunguka kamba tupu na mafundo yake mawili. Mulei akakaa kwenye kigoda. Hiki ndicho alichokililia maisha yake yote, kukaa hapa. Akaona angerudi nje ya mlango mara mia, na mvua imnyeshee huko, ilimradi vile vicha viwe juu.

"Mwaitu," akasema, "mbegu yako haikuwa na kosa. Ni mbolea yangu. Injinia amekuja leo, ameniambia. Haikuwa na nguvu."

"Wacha kunibembeleza, Mulei."

"Sikubembelezi. Nakuapia. Nguvu yake ilitoka yote kabla hatujapanda."

"Ilitokaje? Si niliinusa mimi mwenyewe, kwa pua hii? Ilikuwa safi. Nani aliitoa hiyo nguvu?"

Mulei akafungua kinywa. Hapo pembeni ya mafiga, mahali pake siku hizi, si kizingitini tena, palikuwa na ule mkebe wa mafuta ya kupikia, umejaa, umechekechwa, umefunikwa. Jibu lilikuwa humo. Akilisema, mbegu inatakata, na mikono ya mama yake inabeba lawama. Akinyamaza, mikono inabaki safi, na mbegu inazikwa na jina baya. Alitafuta njia ya tatu pale kwenye moshi, hakuiona. Yeye ndiye aliyeyaomba hayo majivu, yeye ndiye aliyeyakoroga, lakini angesema vipi mama asikie hilo peke yake, asisikie lile lingine?

"Ni mimi," akasema. "Nilikosea tu, mama."

"Unaona? Huna hata la kusema. Una moyo mzuri, mwanangu, lakini uongo huuwezi." Akausogeza mkebe kwa mkongojo hadi miguuni pake. "Haya, majivu yako hayo. Nimeendelea kukuwekea. Mbegu tutaomba kwa watu, hata kama si kama zangu. Mbolea yako isikome, ndiyo imebaki."

Mulei akaushika mkebe kwa mikono miwili. Ulikuwa bado una joto.

"Asante, mwaitu."

Akatoka nao, akapita lile gogo lake kando ya ukuta, akazunguka nyuma ya nyumba hadi chooni. Akafunga mlango, akayamimina majivu yote kwenye shimo, akagonga kitako cha mkebe mpaka punje za mwisho zikadondoka. Alikaa humo muda kidogo kwa sababu hakutaka mtu amwone uso. Kisha akarudi jikoni, akauweka mkebe mtupu pale pale kando ya mafiga, ambapo mama yake angeukuta.

Asubuhi ulikuwa umejaa tena.